Bibi Kwanini na Ukimya wa Hermani

9 Juni 1952, Jumatatu. Kambi ya kufyeka, chini ya Dongobesh.

Daftari hili nimepewa leo na mwanamke wa Kizungu aliyefika na lori la unga. Ameniambia niandike kila siku kinachopita akilini mwangu, kizuri na kibaya, na mwisho wa kiangazi nimrudishie. Nilimwambia kinachopita akilini mwangu ni mgongo. Akasema basi andika mgongo.

Naitwa Alfredi, mtu wa Songea. Nimeondoka kwetu mwaka wa sita sasa. Nilikata mkonge Tanga, na huku nakata miti. Serikali inataka pori liishe ili mbung'o wakose kivuli na ng'ombe waweze kulisha kuelekea Yaeda Chini. Tuko watu sitini, Wanyaturu, Warangi na sisi Wangoni wachache. Mwenyeji ni mmoja tu, Hermani, Mmbulu wa vijiji vya juu. Amewekwa atuonyeshe maji na njia. Yeye ndiye anayeimbisha wakati wa kukata, na akiimba shoka linakuwa jepesi.

Mwanamke huyu anaandika kitabu kidogo cha Kiswahili kwa vyuo vya ualimu. Kinahusu elimu ya nafsi, yaani jinsi wataalamu walivyoanza kuichunguza akili ya mtu na jinsi walivyogombana juu yake. Anataka mtu wa kumsahihishia maneno na kumbebea sanduku. Nyapara Joakimu alinisukuma mimi mbele. Sababu si darasa langu la nne. Sababu ni kwamba mimi ndiye nakata polepole kuliko wote.

10 Juni. Sikushika shoka. Nimebeba sanduku. Mgongo umelala.

14 Juni, Jumamosi.

Watu wameshampa jina. Wanamwita Bibi Kwanini, kwa kuwa kila akiambiwa jambo anauliza hivyo. Ameambiwa jina hilo, akauliza kwa nini.

Leo tumefanya sura ya kwanza. Anasema zamani mambo ya akili yaliachiwa wenye hekima wakae na kufikiri. Halafu mwaka 1879, katika mji wa Leipzig, Mjerumani mmoja akatenga chumba, akaweka vyombo vya kupimia, akasema akili nayo tuipime. Aliwazoeza wanafunzi wake kujiangalia ndani na kutaja walichohisi, kipande kwa kipande, kama mtu anayefumua kikapu aone nyuzi. Ndiyo maana na mimi naandika daftari hili.

Tulijaribu. Bibi anagonga kengele, mtu anabonyeza kidude mara asikiapo, saa inapima muda uliopita katikati. Nyapara Joakimu akaitwa.

"Umehisi nini uliposikia kengele?"

"Njaa."

"Hapana, kabla ya njaa."

"Bibi, mimi tangu asubuhi hakuna kabla ya njaa."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi aliandika yote.

22 Juni, Jumapili.

Tulipofika kitabuni penye makundi mbalimbali ya wataalamu, Bibi alitaka kuyaita shule. Nikamwambia msomaji atatafuta madawati. Nikapendekeza madhehebu, kwa sababu wanagombana kama misheni mbili katika kijiji kimoja. Alifurahi sana. Amesema kitabu kikichapwa jina langu litakuwa ukurasa wa mbele, na kwamba ataniandikia barua kwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu wanichukue kuwa msaidizi darasani. Nimesoma sentensi hii mara mbili baada ya kuiandika. Nina miaka thelathini na nane. Sitaki kufa na shoka mkononi.

Dhehebu la pili ni la Marekani. Hao waliwaambia wale wa Leipzig kwamba akili haina vipande. Inatiririka kama mto, na ukichota ndoo umeshika maji, mto hukuushika. Tena usiulize akili imetengenezwa na nini. Uliza inamfaa nini mwenye nayo. Kama mtu anaogopa, woga ule unamsaidia nini?

Jioni nilimweleza Hermani. Akasema, "Mimi ningekuwa Mmarekani." Akaimba wimbo wa mke wake Tekla na mtoto wao wa kwanza, ambaye anamwita mzee kwa sababu amepewa jina la babu. Tulikula sahani moja.

30 Juni. Baridi na upepo. Vumbi ndani ya ugali.

6 Julai, Jumapili. Hermani aliitwa kwao jana. Wamesema mtoto ana homa.

8 Julai, Jumanne.

Hermani amerudi mchana akifuatana na tarishi. Nilimwita, akainua mkono kutoka mbali. Hakusogea. Amehamisha ngozi yake ya kulalia kutoka bandani, ameiweka ng'ambo ya korongo, penye upepo. Nilidhani amekasirishwa na tarishi.

9 Julai. Hakuimba.

10 Julai. Hakuimba. Anapika peke yake, kwenye chungu chake.

11 Julai. Nilimuuliza kwa sauti, mtoto hajambo? Akaangalia chini. Nikaelewa kwamba mtoto amekufa. Nilikwenda nimshike mkono wa pole, akarudi nyuma, nikaenda tena, akarudi tena, mpaka tukawa kama watu wanaocheza ngoma. Watu walituona. Niliona aibu, nikaacha.

15 Julai, Jumanne.

Sura ya tatu. Mrusi mmoja alichunguza mate ya mbwa. Kila mbwa alipopewa chakula, ishara ililia kwanza, na mwisho mbwa akatoa mate kwa kusikia ishara tu, chakula hakipo. Wakatokea Wamarekani wengine wakasema basi tuache mambo ya ndani, hakuna aliyeyaona. Tuangalie tendo tu, na kilicholileta. Neno tulilopata ni madhehebu ya matendo. Mimi nililipenda kwanza, kwa sababu mtu akikuangalia matendo hakuulizi habari za kwenu.

Kisha akanisomea habari ya mtoto mchanga aliyeonyeshwa panya mweupe, na kila alipomgusa panya walipiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake, mpaka akawa analia akimwona panya tu. Walitaka kuonyesha kwamba hofu hufundishwa.

Nikauliza, "Mama yake alikuwa wapi?"

Bibi alitafuta katika karatasi zake. "Haijaandikwa hapa."

"Na baadaye walimtoa ile hofu?"

"Hapana, Alfredi. Aliondoka kabla."

Akasema ukurasa huu hapendi kuutafsiri, lakini lazima uwepo.

20 Julai, Jumapili.

Bibi anashughulika na Hermani siku hizi. Anasema huzuni ya kufiwa anaijua, lakini hii imepita kiasi. Mtu hali na wenzake, haingii bandani, hachoti maji na wengine, anashuka chini kabisa kijito kinapokwisha. Akaniagiza kila siku nigonge kengele na kuweka chai yenye sukari nyingi kwenye jiwe, kila siku jiwe lililo karibu zaidi na sisi, kumvuta kidogo kidogo. Siku tatu sasa. Chai inanywewa na nyuki.

Nyapara Joakimu anasema, "Mnamfundisha nani? Nyuki wanakuja hata kabla ya kengele."

24 Julai, Alhamisi.

Leo nimepigwa.

Saa nane tulipopumzika nilivuka korongo kwa hasira. Nilijiambia, mimi na huyu tumekula sahani moja, haiwezekani nikamwogopa kama chui. Alikuwa anachonga mpini, kichwa kimeinama. Kibuyu chake cha maji kilikuwa kando. Kwetu ukinywa maji ya mtu bila kumwomba umemwambia kwamba ninyi ni ndugu. Basi nikakichukua, nikafungua, nikainua kinywani.

Alipiga ukelele. Alinirukia akanipiga kofi mkononi, kibuyu kikaruka kikapasuka kwenye mawe, kisha akanisukuma mpaka nikaanguka chali. Halafu akakimbia mwenyewe mbali, akasimama huko. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona nyoka.

Watu walikuja na fimbo. Nyapara akasema, "Sasa imetosha. Kesho atamkata mtu shoka." Bibi alinifunga kiwiko, akachukua kalamu, akaniuliza ilikuwaje. Nilisema, "Amenipiga bila sababu." Akaniuliza tena, bila sababu yoyote? Nikasema bila sababu yoyote. Nilikuwa na hasira na nilitaka iandikwe.

25 Julai. Kiwiko kimevimba.

27 Julai, Jumapili.

Sura ya nne ni ya daktari wa Vienna. Yeye anasema akili ni nyumba yenye chumba cha chini, na humo tunatupa tamaa na maumivu tusiyotaka kuyaona. Usiku hutoka yamevaa nguo za ndoto. Aliwalaza wagonjwa kitandani, akawaacha waseme lolote linalokuja. Bibi ameniuliza ndoto zangu. Nilimwambia naota nimefika kwetu na hakuna anayenijua, wananikaribisha vizuri kama mgeni. Aliweka kalamu chini. Akasema hiyo haihitaji daktari.

Anadhani Hermani amelifungia jambo chumba cha chini. Ameandika barua kwa daktari wa wilaya, na Bwana wa kazi, Mzungu mkuu wa kambi, ametia sahihi. Maneno yangu yamo. Bila sababu yoyote.

31 Julai. Upepo. Miti mikubwa kumi na moja.

3 Agosti, Jumapili.

Jibu limekuja. Ijumaa ya tarehe 15 lori litampeleka Hermani Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Joakimu anasema mtu akipelekwa huko hata akirudi jina halirudi. Kesho yake, Jumamosi ya tarehe 16, watu mia tatu wa vijiji vya Hermani wanashuka kufyeka kwa siku moja. Bwana hataki wamkute. Anaogopa fujo.

Nimejaribu kuwaza barua yangu ya kwenda chuoni. Kila nikiiwaza naona kofi.

7 Agosti, Alhamisi.

Leo jambo dogo limetokea, na tangu hapo sijatulia.

Nilikuwa kijitoni nikifua shati la Bibi. Akaja mzee Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig kutoka upande wa Getanuwas, anayepitisha ng'ombe hapa kila wiki. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Ng'ombe wake walishuka moja kwa moja chini, kijito kinapokwisha, mahali anapochota Hermani. Mzee alipoona nyayo na majivu ya moto wa mtu mmoja, alisimama. Akatazama ng'ambo. Hermani alikuwa huko, naye akasimama. Hawakusemezana. Mzee akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe wote na kiu yao, akawapandisha juu tunapochota sisi.

"Mzee, mbona umewatoa? Kule maji ni mengi."

"Wewe hukuona?"

"Naona mgonjwa wa akili."

Akacheka bila furaha. "Ninyi watu wa mbali mnakata miti tu. Yule Mmbulu amefiwa na mtoto, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi ana akili kuliko ninyi. Kwao mtu aliyefiwa na mtoto mchanga, kifo kimemshika nguo. Wanaita metimani. Akae kwake miezi mingi, asile na mtu, asiingie nyumba ya mtu, asichanganye maji wala mifugo. Akikugusa, ameleta kifo kwako. Hiyo si sheria yangu, ni yao. Lakini ng'ombe ni wangu."

Nikamuuliza, na mtu akinywa kibuyu chake?

"Nani mjinga atanywa?"

Nimekaa kijitoni mpaka shati la Bibi likakauka mikononi mwangu bila kusuuzwa.

8 Agosti, Ijumaa.

Nilivuka korongo. Safari hii nilisimama mbali, mahali ambapo sauti inafika bila kupiga kelele. Hermani aliinua kichwa.

"Hermani, metimani."

Alikaa chini kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitamka neno tangu mwezi uliopita. "Simama hapo hapo. Ukisimama hapo tunaweza kuongea."

Siku nyingi tulikuwa tunamvuta kwa chai, na yeye alichohitaji ni mtu asimame mbali.

Alinieleza. Alitaka kubaki nyumbani na Tekla kama inavyotakiwa. Tarishi akaja na kusema mkataba haujaisha, akikataa ni jela. Akashuka. Kwao asingetakiwa kutoka kabisa, hata kwa padri. Basi akaamua kushika mwiko huku huku, peke yake, ili asituue.

"Ungetuambia."

"Ninyi mngecheka. Tena mngesema sokoni Dongobesh. Watu wangu wakijua nimetembea na kifo hiki katikati ya watu sitini na maji yao, kila ugonjwa utakuwa wangu, kila mvua isiyonyesha itakuwa yangu. Tutahamishwa ng'ambo ya bonde, mimi na Tekla."

"Wanakupeleka Dodoma."

"Najua. Dodoma nitakuwa kichaa peke yangu. Huku tutafukuzwa wawili. Alfredi, usiseme."

"Kibuyu kile..."

"Mkono wako umepona?"

"Umepona."

"Nilihesabu siku. Kila asubuhi nilikuwa nakutafuta kwa macho kama umeamka."

9 Agosti. Sikulala vizuri. Nikisema yote, Bibi ataandika kitabuni, kwa sababu hawezi kuacha kuandika. Daftari hili lenyewe linamngoja. Nikinyamaza, lori.

10 Agosti, Jumapili.

Leo Bibi alikuwa na sura ya mwisho. Wajerumani wengine wamesema kitu kizima si jumla ya vipande vyake. Wimbo ukiuimba kwa sauti ya juu au ya chini, noti zote zimebadilika, na bado ni wimbo ule ule. Mtu akitazama huona umbo zima kwanza. Alitaka niseme kama Kiswahili chake kinaeleweka. Kinaeleweka sana. Nilikuwa nikimsikiliza na kuona jinsi tulivyomkata Hermani vipande, chai, kengele, ndoto, kofi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa uongo isipokuwa changu.

Nikasema, "Bibi, kuna neno nataka kusahihisha."

"Ukurasa gani?"

"Kwenye barua ya daktari. Nilisema alinipiga bila sababu. Sababu ilikuwepo. Nilichukua kibuyu chake bila kumwomba, nikakiinua ninywe. Alikizuia."

"Mtu hapigi mwenzake kwa maji, Alfredi."

"Yeye alikuwa na haki ya kupiga."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Hasira. Na nilikuwa nimeanguka mbele ya watu."

Alivua miwani. "Kuna jambo jingine."

"Lipo."

"Ni lipi?"

"Si langu, Bibi."

"Wiki tisa tumefanya kazi pamoja. Ukinieleza naweza kumsaidia."

"Wewe umenisomea kwamba tuulize jambo linamfaa nini mwenye nalo. Mimi nimeuliza. Ukimya wa Hermani haumfai yeye, unatufaa sisi. Anatulinda. Nimesema mpaka hapo."

Akaomba daftari alisome. Nikamwambia limeliwa na mchwa. Lilikuwa ndani ya shati langu na kona yake ilionekana. Aliitazama ile kona.

Halafu akageukia taipu yake, akaandika barua nyingine, akanisomea kwa sababu yeye ni mtu wa haki. Imesema kwamba shahidi wake mkuu amekiri kusema uongo, kwamba mgonjwa alichokozwa, na kwamba hakuna ushahidi wa kumpeleka Dodoma. Nilimwomba jambo moja zaidi, Hermani awekwe mlinzi wa mpaka wa moto, ule ukanda tuliofyeka kuzuia moto, kule mbali, peke yake, mpaka mkataba uishe. Akaongeza mstari.

"Unaelewa," akasema, "siwezi sasa kutumia vipimo vyako vya kengele. Wala siwezi kumwandikia mkuu wa chuo kwamba wewe ni mkweli."

"Naelewa, Bibi."

Nilipotoka nilisikia taipu imenyamaza, na haikuanza tena.

11 Agosti. Nimerudishiwa shoka. Joakimu amesema, "Karibu nyumbani, profesa."

12 Agosti. Mgongo.

15 Agosti, Ijumaa. Lori limekuja. Limeshusha unga na chumvi, limepakia sanduku la Bibi na Bibi mwenyewe. Alinipa mkono mbele ya watu wote. Akaniuliza polepole kama Hermani anakula vizuri. Nikasema anakula. Akasema, "Sawa. Sitauliza kwa nini." Watu walidhani ni mzaha wakacheka, naye akacheka kidogo.

16 Agosti, Jumamosi.

Watu mia tatu walishuka kabla jua halijapanda, wanaume kwa wanawake, na mapanga na mitungi ya pombe. Pori lililotushinda mwezi mzima walilimaliza kwa siku moja. Mzee mmoja aliniuliza Hermani yuko wapi. Nikamwambia kazi imempeleka mpaka wa moto, hana ruhusa ya kuondoka. Akasema, "Amefiwa yule. Afadhali yuko peke yake." Akanitazama sana, kama anapima kina cha maji kwa fimbo. Nilichukua shoka nikaendelea kukata. Hakuniuliza tena, na sijui kama alijua.

17 Agosti, Jumapili.

Hakuna kazi leo. Nilichukua ugali wangu, maharage yangu na maji yangu, nikatembea mpaka kwenye mpaka wa moto. Hermani alikuwa ameketi juu ya jiwe akiangalia upande wa Hanang, mlima umevaa wingu. Nilisimama mbali.

"Hapa?"

"Rudi nyuma kidogo. Hapo, penye kisiki."

Nikakaa kwenye kisiki. Akapakua chakula chake, nami nikapakua changu. Tulikula.

"Wamekuondoa kwenye sanduku la Bibi," akasema.

"Wameniondoa."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya uongo wangu. Wewe kula."

Upepo ulipotulia aliongea habari za mtoto, bila mimi kumuuliza. Akasema alikuwa na meno mawili ya chini. Akasema alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, ila akicheka sana anaanguka upande, na akianguka upande anacheka zaidi. Aliongea mpaka kivuli changu kikagusa miguu yake, ndipo akaniambia nisogee tena, kwa upole. Nikasogea, naye akaendelea.